Lami Inaomba Kijani

Sheria ya kwanza ni rangi juu ya rangi, ao namba juu ya namba. Mwenzako akiweka nyekundu, unaweka nyekundu. Akiweka nane, unaweka nane ya rangi yoyote. Hauna? Chukua moja katika lundo na unyamaze. Hiyo hata mbuzi wa jirani angeielewa. Ugumu wa muchezo wetu uko ku sheria zingine, na mimi Martine nitazisema zote, kwa sababu mudomo wangu hauna mulango na Kalemie nzima inajua.

Karata zile alizitengeneza kaka yangu Symphorien. Alikuwa mupaka rangi wa mabato, zile meli na mashua za ziwa, ku shantie ya bandari ambako zinatengenezwa. Ku biro ya shantie walimwita Ngoy, maana miaka ile ya Zaïre majina ya kanisa yalikatazwa ku makaratasi, lakini ku nyumba alibaki Symphorien. Alikata makartoni ya sabuni, akayapaka rangi iliyobaki chini ya mikebe: nyekundu, buluu, manjano na kijani. Namba aliziandika kwa brashi nyembamba, na saba yake ilikuwa inainama kila mara kama mutu mwenye kuumwa mugongo. Hata leo nikipita karibu na shantie, pua yangu inasikia rangi, inafikiri ni Jumapili, siku yetu ya karata.

Kisha kuna zile karata kali. Ukitupiwa Lala, unalala zamu yako inapita. Geuka inarudisha muchezo kule ulikotoka. Chukua Mbili inajisema yenyewe. Na iko ile kubwa, Lami. Aliipaka lami nyeusi ya kuzibia nyufa za mabato, haina rangi wala namba. Mwenye kutupa Lami anaomba rangi anayotaka yeye, na wote wanafuata, hata kama inawauma.

Ukibakiwa na karata moja, unasema "Moja!" mbele ya mwenye kukufuata kutupa yake. Ukisahau, unaongezwa mbili. Karata ikilala chini hairudi mukononi, hata ulie. Na mwenye kumaliza anainuka, anatoka ku mukeka. Hii aliiweka kwa ajili yangu mimi, kwa sababu nikishinda nilikuwa ninabaki pale kuchungulia karata za wengine na kumunongoneza mama. "Mwenye kumaliza hana kazi hapa," alisema. "Asimame, aende zake." Wa mwisho anaosha vyungu.

Bato aliyopanda Symphorien kwenda Moba ilizama. Alikuwa ameitwa kule kupaka mashua ya misioni. Wengine ziwa liliwatupa ku muchanga, tukawaokota, tukawazika. Yeye hapana. Kwetu sisi Watabwa, mutu akifa na mwili haupatikani, tunakata mugomba, tunauvika nguo yake, tunauzika, tunalia, imekwisha. Mama yetu, Mama Angélique, alikataa. Mutu mumoja alikuja kusema amemuona Symphorien Kigoma, amefuga ndevu. Mwingine alimuona Mpulungu anauza samaki. Mama alizishika habari zile zote, hata zenye kupingana. Padri alipokuja kumwambia juu ya mugomba, alimujibu akiwa amesimama mu mulango: "Padri, mimi sikuzaa mugomba."

Basi kila Jumapili kisha misa, tukishakula, mukeka ulitandikwa mu kiwanja, na mama alimugawia Symphorien karata zake saba mbele ya kiti chake kifupi cha mbao. Upande mumoja wa kiti alikaa mama, upande mwingine Bertille, muke wa Symphorien. Baada ya Bertille alikaa mutoto wao Anne, halafu mimi, halafu tunarudi kwa mama. Mama alicheza karata zake, kisha akainama, akacheza za mutoto wake. Anne alikuwa ametoka tu kuanza kutembea wakati bato inazama. Kwake yeye baba alikuwa vile, kiti na karata saba. "Zamu ya Papa," alikuwa anasema, bila huzuni yoyote.

Na Symphorien alikuwa wa mwisho kila Jumapili. Kila Jumapili! Mama akasimama, akaosha vyungu kwa niaba yake. Mimi nilicheka, nikasema kaka yangu alipokuwa hapa hakuna aliyemuweza, sasa bahati yake imeota kutu. Hakuna aliyecheka nami.

Sasa, ilikuwa mwaka wa tano tangu bato kuzama, Lambert akafika Jumamosi na bato kutoka Moba, na mufuko wa maharage begani. Lambert ni kaka mukubwa wa Bertille, mutu mupole, anaongea na kofia mukononi. Alikaa mbele ya mama, akazunguka kidogo, akauliza afya za watu wote mpaka kuku, halafu akalisema. Mwalimu mumoja kule Moba, jina lake Gérard, muke wake alifariki, na sasa anamuomba Bertille. Familia imekubali. Bato inarudi Jumatatu.

"Lakini Bertille hataondoka bila neno lako, Mama," alisema. "Na sisi hatutaki aondoke bila kuoshwa."

Hapo musikilize vizuri, kwa sababu kila kitu kilifungwa pale. Mujane kwetu anaoshwa kisha kilio, anatolewa kivuli cha marehemu, halafu njo anaweza kuolewa. Bila kilio hakuna kuoshwa. Na kilio cha nani, wakati mama anasema mutoto wake yuko hai? Bertille hakuwa muke wa mutu na hakuwa mujane. Alikuwa amefungwa ku kiti kile cha mbao kama mbuzi ku kijiti.

Mama alimujibu Lambert kwa heshima. "Mukwe wangu, muke wa mutu haombwi. Mume wake akirudi, mutamuuliza yeye."

Mimi nikalipuka. Ndiyo, mbele ya mugeni. "Mama, asiyekuwapo na lake halipo!"

"Lake liko," mama alisema. "Karata zake ziko mu sanduku pale. Nenda uzihesabu."

Nilitoka nje bila kuaga. Bertille alikuwa nyuma ya nyumba anaparua samaki wa mikebuka kwa chakula cha mugeni, na hasira yangu ikamuangukia yeye, kwa sababu alikuwa karibu. Nilimwambia kama anataka kwenda aende, njia iko wazi, ziwa halina mulango. Nikamwambia kama kweli alimupenda kaka yangu hangekuwa na haraka. Magamba ya samaki yalikuwa yamemujaa ku mikono mpaka ku viwiko. Alimaliza samaki yule, akachukua mwingine.

"Wifi," alisema, "wewe unafikiri Symphorien anashindwa kwa bahati mbaya?"

"Bahati gani tena?"

"Mimi ninakaa karibu na kiti chake. Ninaona. Mu karata za Symphorien kunakuwa nyekundu ya kutupa, mama haitupi, anamuchukulia ingine ku lundo. Kila Jumapili. Anamujaza karata mpaka mukono haushiki." Akafuta uso kwa bega. "Hataki amalize, wifi. Akimaliza atainuka."

Nilifikiri vyungu vyote vile mama alivyoosha kwa niaba yake.

"Ninaweza kutoroka," Bertille alisema. "Njia iko wazi, wewe mwenyewe umesema. Lakini mwanamuke huyu amenilinda mu nyumba yake, amenifanya mutoto wake. Nitamuacha na kiti kile peke yake, kama mwizi? Siwezi. Akikataa, nitabaki. Nitazeeka hapa." Na akaanza kulia, kisu mukononi, akiendelea kuparua. Niliketi chini nikamusaidia samaki.

Jumapili tulikwenda misa, tukarudi, tukala bukari na mikebuka. Lambert alisifu chakula mpaka mama akatabasamu kidogo. Kisha mutu wa Moba akapita ku barabara, Lambert akatoka kumusalimia. Anne akatandika mukeka. Mama akagawa kama siku zote, saba kwangu, saba kwa Anne, saba kwa Bertille, saba kwake, saba mbele ya kiti.

Mbele mama hajainama kuziokota, Lambert akarudi. Akaona kiti hakina mutu. Akaona karata zinangoja. Uso wake ulifurahi, maskini ya Mungu, kwa sababu tangu jana alikuwa anaogopa kwamba mama amemukasirikia.

"Aksanti, Mama," akasema. "Hamukunisahau. Muchezo huu ninaujua, shemeji Symphorien njo alinifundisha wakati wa posa." Akaketi ku kiti, akaokota zile karata, akazipanga mukononi.

Jamani! Nilisikia kuku wakitembea. Anne alifungua mudomo, mama akamutazama, akaufunga. Mukono wa mama ulikuwa bado umenyooshwa hewani. Mugeni akishika kitu mu nyumba yako, haumunyang'anyi, na mugeni mwenyewe akiwa mukwe, ni aibu hata kumwambia ainuke. Mama aliurudisha mukono wake polepole, akauweka ku magoti.

"Anza, Bertille," alisema.

Tukacheza. Lambert alicheza kama mutu wa kawaida anavyocheza, hakujua kitu. Tatu ya buluu, akaitupa. Tisa ya buluu, akaitupa. Mukono ule ambao kwa miaka haukupungua ulianza kupungua mbele ya macho yetu. Bertille hakumutazama kaka yake. Alitazama mukeka, na mishipa ya shingo yake ilikuwa imesimama.

Zamu ya mama ndiyo inatangulia zamu ya kiti kile. Basi akaanza kupigana. Zamu yake ilipofika alimutupia Lambert Chukua Mbili. Lambert akachukua, akacheka. Mara ingine akamutupia Lala, kisha Chukua Mbili ya pili, mpaka ile ya mwisho aliyokuwa nayo.

"Mama mukwe, leo umenichagua mimi tu!" Lambert alitania. "Mugeni siku mbili, ya tatu mupe jembe, lakini mimi ni ya pili bado!"

Hakuna aliyecheka, naye akadhani tunapenda sana muchezo. Akaendelea. Tano ya manjano, mbili ya manjano, mbili nyekundu. Alikuwa na mukono mwepesi, na karata zilimupenda. Zikabaki tatu, zikabaki mbili. Akatupa nane nyekundu, akabaki na moja, na akasahau kusema.

Anne alikuwa anangoja kosa kama lile kila Jumapili ya maisha yake. Alipiga mikono. "Papa hajasema moja! Papa achukue mbili!"

"Papa nani?" Lambert aliuliza, bado anacheka. Akamutazama mutoto. Akatutazama sisi. Halafu akatazama chini, ku kiti alichokikalia, na nikaona uso wake unapauka. Alisimama. Karata ile moja aliilaza ku mukeka, uso chini, taratibu, kwa mikono miwili.

"Mama, unisamehe," alisema. "Sikujua. Wallahi sikujua. Turudishe zote, tugawe upya."

"Karata ikilala chini hairudi mukononi," mama alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Haiko kosa lako. Kaa pale, mukwe wangu."

Akakaa chini karibu na mulango, kofia mukononi.

Kufuatana na sheria, zamu ilikuwa ya Bertille. Kama Bertille angetupa karata yake wakati ule, basi Symphorien hakusema moja, angechukua mbili, na tungeendelea, na mama angemujaza karata tena mpaka jioni, na Jumapili ijayo, na zote zenye kufuata. Bertille alikuwa ameshika karata yake hewani. Alijua. Sisi wote tulijua.

"Nitangoja, Mama," alisema. "Sitatupa mpaka unaniambia."

Mimi nilitaka kupiga kelele. Sikujua nipige kelele gani. Nilitaka mama amwache Bertille aende, na nilitaka kaka yangu abaki pale ku kiti chake, vyote viwili pamoja, na havikuwezekana. Nilikuwa ninamulaumu mama miaka yote kwa ajili ya kiti kile, na saa ile nilijua kwamba mimi pia nilikuwa ninakuja kila Jumapili kukiangalia.

Mama aliokota karata ya Symphorien. Aliiangalia muda murefu. Akapitisha kidole juu ya namba, pale rangi ilipokauka ikawa nene. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza chumvi iko wapi:

"Symphorien anasema moja."

Bertille akafunga macho. Machozi yalishuka, akatupa karata yake, nyekundu. Anne akatupa nyekundu, hakuelewa lakini alinyamaza. Zamu yangu ikafika.

Nilikuwa na Geuka nyekundu. Ninaapa mbele ya Mungu, ilikuwa mukononi mwangu. Ningeitupa, muchezo ungerudi kwa Anne, mama asingecheza, na kaka yangu angebaki na karata yake moja, angalau kwa muzunguko ule. Niliishika kwa vidole viwili. Nilimutazama Bertille, mikono yake bado ina harufu ya samaki wa jana, mwanamuke wa kuzeeka bure. Nikatupa tano nyekundu.

Mama aliinamia karata zake. Silaha zake zote zilikuwa zimekwisha, alizitumia kumuzuia. Kati ya zile karata kali ilibaki moja tu. Akaitoa, akailaza juu ya tano yangu bila kuipiga, na ilikuwa nyeusi.

"Lami," alisema. "Ninaomba kijani."

Halafu akainama upande wa kiti, kama alivyoinama Jumapili zote zile, akageuza karata ya mutoto wake. Saba ya kijani, ile saba yenye kuinama. Akaiweka juu ya Lami.

"Amemaliza," alisema.

Alisimama, na magoti yake yalilia. Akakinyanyua kiti kile, akakipeleka mu nyumba, tukasikia kikigusa ukuta. Akarudi na mikono mitupu, akaketi mahali pake. Kati yake na Bertille kulibaki mukeka tu. "Zamu ya nani?" akauliza, na Anne akamujibu kwamba ni ya mama Bertille. "Basi tucheze. Sheria ni sheria."

Tulicheza, ee Mungu, tulicheza mpaka mwisho, macho yetu hayaoni rangi. Bertille alimaliza, akainuka. Anne akainuka. Mimi nikainuka. Mama akabaki wa mwisho, na safari hii alishindwa kwa ajili yake mwenyewe.

Akakusanya vyungu, akaenda navyo nyuma ya nyumba. Tulisikia maji yakimwagwa. Tulisikia chungu cha kwanza kikisuguliwa. Kisha sauti ikatoka pale, sauti ambayo aliifungia kifuani tangu siku ya bato, ikapanda juu ya mabati, ikafika bandarini, sijui. Nilikimbia. Alikuwa amepiga magoti mu majivu ya vyungu, kitambaa cha kichwa kimeanguka.

Jirani yetu Mama Zaina ndiye aliyefika wa kwanza, mutandio wake unaburuzika. Siku bato ilipozama alisimama nasi ku muchanga toka asubuhi mpaka giza. Kila kitu alikijua. Lakini ni mwanamuke mwenye akili, aliuliza kama unavyouliza ku nyumba ya musiba.

"Nani ametutoka, Mama Angélique?"

"Mutoto wangu. Symphorien."

"Lini, dada yangu?"

"Sasa hivi," mama alisema. "Sasa hivi, Mama Zaina."

Naye Mama Zaina akaketi mu majivu, akamushika, wakalia pamoja.

Bato ya Jumatatu iliondoka bila wao. Tulikata mugomba, Lambert mwenyewe akauchagua. Mama aliuvika shati la shantie lenye madoa ya rangi, na mu mufuko wa shati akatia ile saba ya kijani. Tulilia kama watu wanavyolia. Padri alikuja, hakusema lolote juu ya maneno ya zamani. Kisha wanawake wakamupeleka Bertille ziwani, wakamuosha, na mama ndiye aliyemumwagia maji ya kwanza kichwani. "Nenda, binti yangu," alimwambia. "Umenilipa zaidi ya deni. Zaa, ucheke."

Mutoto kwetu ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo Anne alikwenda pia. Ku bandari mama alimupa zile karata zote, zimefungwa mu kitenge. Anne alizikumbatia.

"Ukifika Moba uwafundishe," mama alisema. "Na ugawie walioko. Unanisikia? Walioko tu."

Anne alifikiri. Nilimuona anahesabu watu kichwani. Bato ilikuwa imeanza kupiga honi, Lambert anamuvuta mukono.

"Na wewe, nkambo? Nikugawie zako?"

Niliogopa jibu lake. Mama alimushika mutoto mashavu kwa mikono yake miwili.

"Hapana," alisema. "Mimi niko hai. Nikija, utanigawia."